Kidonge cha mtoto asiyetulia: methilifenideti kwa mzazi wa Mwanza

Kidonge chenyewe ni kidogo, miligramu 10, kina mstari katikati wa kukivunjia nusu. Kwenye boksi jina lake husomeka methylphenidate hydrochloride. Midomoni mwa watu kinaitwa Ritalin hata kikitoka kiwanda kingine. Jina hilo limetokana na Rita, mke wa mkemia Leandro Panizzon, aliyeitengeneza dawa hii mwaka 1944 katika kampuni ya Ciba, Uswisi. Iliingia sokoni miaka ya 1950. Kwa hiyo si kitu kipya ambacho madhara yake bado yanatafutwa. Ubaya wake umeshajulikana kama unavyojulikana uzuri wake, na vyote viwili vinapimwa hapa kwa ajili ya mzazi aliyeambiwa mwanawe ana ADHD, yaani hali ya ubongo ya kukosa umakini na kutotulia, na bado hajaamua kama akubali kidonge au akatae.

Hukumu kwanza, maana huenda msomaji ameitwa shuleni wiki hii hii. Mtoto aliyetimiza miaka sita, ambaye kutotulia kwake kunaonekana nyumbani na shuleni pia, kumezidi miezi sita, na kumeshamnyima kusoma au kumeshamuingiza hatarini, anastahili majaribio ya wiki nne ya kidonge hiki. Kwa mtoto wa namna hiyo tunakipa alama nne kati ya tano. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano tunakipa mbili: huja baada ya mambo mengine kushindwa, na kwa mkono wa daktari bingwa peke yake. Chini ya miaka minne, hapana.

Alama inashuka hivyo kwa sababu ya ushahidi, wala si woga tu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwapa dawa hii watoto wa miaka mitatu hadi mitano na nusu. Iliwasaidia, ila kwa kiasi kidogo kuliko inavyowasaidia wa shule ya msingi, na karibu mtoto mmoja kati ya kila tisa aliachishwa kwa sababu ya madhara. Waliobaki kwenye dawa mwaka mzima walipungukiwa kadiri ya sentimita 1.4 za kimo na kilo 1.3 za uzito ukilinganisha na walivyotarajiwa kukua. Kwa mtoto wa miaka minne, ambaye kwa kawaida huongeza kama kilo mbili kwa mwaka, kilo 1.3 si kitu cha kupuuza. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unaanza na mafunzo ya wazazi kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka sita, na dawa inafuata tu kama shida ni kubwa na mafunzo hayakutosha. Uingereza, kwa mwongozo wa mwaka 2018, mtoto wa chini ya miaka mitano hapewi dawa mpaka itafutwe rai ya pili ya wabobezi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake kwa watoa huduma wasio mabingwa, linaiweka dawa hii kwa mtoto wa miaka sita kwenda juu, na baada ya kumhusisha bingwa.

Sasa kidonge kinafanya nini? Wengi wanakosea hapa, na kosa hilo ndilo huzaa makosa mengine yote. Hiki si kidonge cha kumpoozesha mtoto. Hakimlazi. Kinaongeza kazi ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe ubongoni, katika sehemu za ubongo zinazomwezesha mtu kujizuia na kushikilia jambo moja. Mtoto aliyepata dozi sahihi bado anacheka, bado anauliza maswali, bado anagombania mpira. Tofauti ni kwamba anamaliza mstari alioanza kuandika. Ukimwona ameketi kimya kama aliyefiwa, anakodolea ukuta, hiyo dozi imezidi. Mwambie daktari aishushe. Mwalimu mwenye watoto themanini darasani anaweza kukushukuru kwa ukimya huo, na wewe usiupokee.

Kati ya watoto kumi wa umri wa shule wanaoanza dawa ya kundi hili, la vichangamshi vya ubongo, kama saba hupata nafuu inayoonekana. Hiyo ni nafuu kubwa kwa dawa yoyote ya akili. Lakini inadumu saa tatu hadi nne tu. Dawa ikiisha mwilini, mtoto ni yule yule wa jana.

Yatakayotazamwa kabla ya boksi kufunguliwa

Robo tatu ya thamani ya kidonge hiki iko katika kuhakikisha kwamba mtoto anakihitaji. Kanda ya Ziwa ina mambo kadhaa yanayofanana sana na ADHD, na baadhi yanatibika kwa gharama ndogo kuliko boksi la dawa.

Upungufu wa damu na wa madini ya chuma unakuja mbele. Mtoto mwenye damu kidogo huchoka, hukosa umakini, hulala vibaya huku akirusharusha miguu. Malaria ya mara kwa mara, minyoo na kichocho humfikisha huko, na kichocho kwa watoto wanaooga na kuchota maji ziwani si jambo la kubahatisha. Pima wingi wa damu, choo na mkojo kwanza. Vipimo hivi vinafanyika hata kituo cha afya.

Selimundu ni jingine, na husahaulika. Kanda hii ina watoto wengi wenye ugonjwa huo, na baadhi yao hupata viharusi vidogo vya kimyakimya, bila kupooza mkono wala mguu, vinavyoharibu umakini na kumbukumbu. Mtoto mwenye selimundu aliyeanza kushuka darasani anahitaji kuonwa na daktari wake wa selimundu kabla ya mtu yeyote kutaja ADHD.

Kifafa kina milango miwili. Wa kwanza: kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu chini. Mtoto anaganda sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu anaandika “hasikilizi”. Wa pili ni dawa ya kifafa yenyewe. Fenobabitoni, inayotumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu, inajulikana kuwafanya baadhi ya watoto wasitulie na wawe wakorofi. Kama kutotulia kulianza au kulizidi baada ya fenobabitoni, rudi kliniki ya kifafa ukaulize kuhusu dawa mbadala. Usiikatishe mwenyewe, degedege litarudi kwa nguvu. Tena, methilifenideti inaweza kupandisha kiwango cha fenobabitoni na fenitoini mwilini, kwa hiyo daktari anayeandika moja lazima ajue kuhusu nyingine.

Masikio na macho: usaha wa sikio usiokauka humfanya mtoto aonekane mkaidi, kumbe hasikii. Usingizi: anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi na anashtuka, huenda ana nyama za pua au mafindofindo makubwa. Watoto wasiolala vizuri hawasinzii mchana kama wakubwa, wanarukaruka.

Halafu umri. Shule nyingi za binafsi jijini zinapokea watoto wa miaka mitano darasa la kwanza, wakae na wa miaka saba. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba mtoto mdogo kuliko wenzake darasani ndiye anayebandikwa ADHD mara nyingi zaidi. Mlinganishe mwanao na aliozaliwa nao mwaka mmoja, mtaani, kanisani au madrasa, siyo na aliyekaa naye dawati moja.

Utambuzi wenyewe hauna kipimo cha damu wala picha ya kichwa. Daktari anahesabu dalili: angalau sita za kutokuwa makini, au sita za kutotulia na kufanya mambo bila kufikiri, zilizodumu miezi sita, zilizoanza kabla ya miaka 12, zinazoonekana mahali pawili au zaidi. Hilo la mahali pawili lishikilie. Mtoto mtundu nyumbani tu, shuleni mtulivu, shida yake iko nyumbani. Anayeshindwa shuleni tu huenda ameshindwa kusoma herufi, na anarukaruka kwa aibu. Ukienda kliniki chukua barua ya mwalimu, madaftari matatu ya mihula tofauti na kadi ya kliniki ya utotoni. Dakika ishirini za daktari bila karatasi hizo ni nusu ya kazi. Bugando, kwa kuwa ni hospitali ya rufaa ya kanda, ina mabingwa wa watoto na wa magonjwa ya akili. Anza hospitali ya wilaya au ile ya mkoa, Sekou Toure, upate rufaa.

Kwa wa chini ya miaka sita: wiki nane za maharage

Yanayoitwa mafunzo ya wazazi yanasikika kama semina ya hotelini. Kiini chake ni kidogo, na kinafanyika kwenye chumba kimoja cha kupanga Igogo sawasawa na kwenye nyumba ya Capri Point. Agizo liwe moja kwa wakati mmoja, umemsogelea, umemtazama: “Leta kikombe.” Siyo “leta kikombe, uvae viatu, halafu umwite dada.” La pili limeshapotea kabla hujamaliza la kwanza. Akitii, msifu ndani ya sekunde kumi na utaje alichofanya. Weka kopo na punje za maharage. Kila agizo lililotimizwa kwa mara ya kwanza ni punje moja, punje tano ni kitu kidogo kilichokubaliwa mapema, kama kuchagua wimbo au kubebwa mgongoni. Punje ikishapatikana hainyang'anywi kwa kosa jingine; ukiinyang'anya, mfumo wote unakufa siku hiyo. Dakika kumi na tano kila siku za mchezo anaouchagua yeye, simu iko mbali. Kosa la hatari linapata adhabu moja ile ile kila mara: dakika moja ya kukaa pembeni kwa kila mwaka wa umri, bila maneno mengi.

Wiki nane mpaka kumi na mbili za hivyo, watu wazima wote wa nyumba wakifuata kanuni moja. Penye shangazi, bibi na dada wa kazi, hapo ndipo panapovujia: baba anatoa punje, shangazi anatoa kofi. Viboko humfundisha mtoto wa namna hii kukimbia kwa kasi zaidi, basi. Shuleni omba kiti cha mbele, mbali na mlango, na kazi ya kumsimamisha kila dakika ishirini, kama kufuta ubao au kukusanya madaftari.

Baada ya wiki hizo, kama mtoto wa miaka minne au mitano bado anatoroka kuelekea mwaloni, anaruka kati ya bodaboda au anaporomoka kwenye mawe ya Mabatini kila wiki, mazungumzo ya dawa yana maana. Dozi yake huanza miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, yaani robo ya kidonge cha 10, na kidonge hiki hakikutengenezwa kukatwa robo nne. Vipande havilingani. Hiyo ni sababu nyingine ya alama mbili. Tafuta kidonge cha miligramu 5 ukate nusu, au ongea na mfamasia.

Dozi, saa na uji

Kwa mtoto wa miaka sita kwenda juu daktari kwa kawaida huanza na miligramu 5, mara moja au mbili kwa siku, kisha huongeza miligramu 5 hadi 10 kwa wiki mpaka nafuu ionekane au madhara yazuie. Kilele kisichovukwa ni miligramu 60 kwa siku, na wengi hutulia mbali kabisa na hapo. Uzito wa mtoto hautabiri dozi yake vizuri. Mwembamba anaweza kuhitaji zaidi ya mnene, kwa hiyo usinakili dozi ya mtoto wa jirani.

Kidonge kinaanza kazi baada ya nusu saa hadi saa moja. Kwa shule inayoanza saa mbili asubuhi, ratiba inayofaa ni hii: saa kumi na mbili na nusu uji mzito, saa moja na robo kidonge, njiani kuelekea shule kinaamka, saa mbili kinafanya kazi, saa tano kinaelekea kuisha. Sasa tazama ratiba ya darasa la kwanza na la pili. Kusoma, kuandika na kuhesabu hupangwa asubuhi, na watoto hao hutoka mapema. Dozi moja ya asubuhi inafunika masomo yenyewe. Ndiyo sababu kidonge hiki cha muda mfupi, kinachodharauliwa nchi nyingine kuwa cha kizamani, tunakiona kinafaa shule za hapa kuliko ndugu zake wa bei kubwa.

Uji huja kabla ya kidonge, si baada yake, kwa kuwa njaa ndiyo ya kwanza kuondoka. Hili ndilo dhara linalompata mtoto mmoja baada ya mwingine: saa nne wenzake wanakunywa uji wa shule, yeye hataki. Fidia kwa ncha mbili za siku. Asubuhi uji wa dona au ulezi uliotiwa karanga za kusaga na maziwa, yai pembeni. Jioni, dawa ikiisha, njaa inarudi kwa fujo saa kumi na moja; usimwambie asubiri chakula cha usiku. Mpe matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), ndizi, parachichi, kisha saa mbili usiku ugali na sato au dagaa wa kutosha. Mtoto mwenye utapiamlo tayari, jenga uzito kwanza miezi miwili, ndipo mzungumzie kidonge.

Dozi ya pili, kama ipo, iwe kati ya saa tano na saa saba mchana. Ikipita saa tisa alasiri, usingizi utasogea mpaka saa tano usiku na kesho yake atakuwa mkorofi kwa uchovu, nawe utadhani dawa haifanyi kazi. Dozi ya shuleni ikabidhiwe kwa mwalimu mmoja, vidonge vya wiki moja tu, kwenye kichupa chenye jina, na daftari la kutia saini. Usimpe mtoto abebe kwenye mkoba.

Wiki nne za majaribio

Wengi wanashindwa hapa kwa kutegemea hisia. Chora karatasi yenye safu za siku na mistari mitano: alimaliza kazi ya darasani, alikaa kitini, alisubiri zamu, alikula mchana, alilala saa ngapi. Mitatu ya kwanza mwalimu anajaza kwa 0 hadi 3, miwili ya mwisho unajaza wewe. Wiki ya kwanza hakuna dawa kabisa: hicho ndicho kipimo cha kulinganishia. Kidonge cha kwanza kabisa kitolewe Jumamosi, umtazame mwenyewe saa nne zote, mapigo ya moyo uyahesabu kabla na baada ya saa moja na nusu. Wiki ya pili ni dozi ya kuanzia, ya tatu dozi ya juu kidogo kama daktari ameruhusu, ya nne ni ile iliyoonekana bora. Kama dozi ni moja ya asubuhi nyumbani, mwombe mwalimu ajaze karatasi bila kumwambia ni wiki gani ulianza. Mwalimu anayejua anaona nafuu hata penye hewa.

Alama zisipopanda kwa wazi, kidonge kimeshindwa. Rudi kliniki, usiongeze mwenyewe. Zikipanda, itumie asubuhi hiyo. Dawa haifundishi herufi. Mtoto aliyepotea mwaka mzima wa kusoma sasa anaweza kukaa, lakini bado hajui silabi, na tuisheni ya saa kumi jioni inamkuta dawa imeshaisha. Mpangie nusu saa ya kusomeshwa asubuhi, hata Jumamosi, ndani ya zile saa tatu.

Kinachoharibika

Maumivu ya tumbo na kichwa hutokea wiki ya kwanza na mara nyingi huisha. Kula kabla ya kidonge hupunguza. Saa ya dawa kuisha huleta kilio na hasira zisizo na sababu, dakika thelathini hadi sitini. Usipange kazi ya nyumbani saa hiyo. Mpe chakula, mwache akimbie. Kupepesa macho, kukunja pua au kukohoakohoa kusikokuwepo awali kuripotiwe, dozi hushushwa au dawa hubadilishwa. Kuona au kusikia vitu visivyokuwepo ni nadra, na dawa inasimamishwa siku hiyo hiyo.

Moyo unahitaji maswali matatu kabla ya kidonge cha kwanza. Amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Kuna ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Amewahi kuambiwa moyo wake una sauti au una homa ya baridi yabisi? Jibu la ndiyo moja tu linampeleka kwanza kwa daktari wa moyo. Majibu yakiwa hapana yote matatu, na presha na mapigo ni ya kawaida, kipimo cha umeme wa moyo si lazima. Uzito upimwe kila miezi mitatu kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, kimo kila miezi sita, presha na mapigo kila dozi ikibadilika na kila miezi sita. Mizani ya zahanati inatosha, mradi iwe ile ile. Epuka dawa za mafua zenye efedrini au pseudoefedrini, na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa kuwa vinasukuma moyo upande ule ule. Siku ya homa kali, asipokula, mruhusu apumzike bila kidonge na umjulishe daktari.

Na ziwa. Kwa wanaokaa Igombe, Kayenze au visiwani, kidonge cha saa moja asubuhi hakimlindi mtoto saa kumi jioni kwenye mitumbwi. Uangalizi wa jioni ni ule ule wa zamani, mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina.

Vya kulinganisha

Concerta ni methilifenideti ile ile inayotoka polepole, na inadumu saa kumi hadi kumi na mbili. Ya miligramu 18 ni sawa na kumpa mtoto miligramu 5 mara tatu kwa siku. Ni nzuri kwa mwanafunzi mkubwa wa kutwa nzima. Kwa wa miaka sita ina tatizo: lazima imezwe nzima. Ikitafunwa au kukatwa, dawa ya siku nzima inaingia kwa pamoja. Ganda lake hutoka na choo likiwa zima, usishtuke ukidhani dawa haikuyeyuka. Kapsuli zenye punje, nazo za muda mrefu, hufunguliwa, punje zikanyunyizwa kwenye kijiko cha mtindi, zikamezwa bila kutafunwa. Ni rafiki zaidi kwa mtoto.

Atomoksetini si ya kundi hili. Hairuki na kushuka, inafunika usiku na mchana, lakini inahitaji wiki nne hadi sita kuonyesha kitu na nguvu yake ni ndogo. Inafaa mtoto mwenye mikazo ya uso, au nyumba yenye kijana anayeweza kuiba vidonge. Klonidini inasaidia usingizi na ukorofi, ila hushusha presha na ikikatishwa ghafla presha hupanda kwa hatari; penye ugavi wa kusuasua tunaiogopa. Risperidoni na haloperidoli, ambazo mtoto mtukutu hupewa pengine kwa kuwa zipo, humtuliza bila kumpa umakini, na zina madhara mazito ya uzito na misuli. Uliza wazi: “Hii ni ya umakini, au ya ukorofi?” Piritoni ya kumlaza si tiba ya lolote kati ya hayo.

Kununua, kutunza, kuacha

Hii ni dawa inayodhibitiwa kimataifa tangu mkataba wa mwaka 1971, na haiuzwi duka la dawa muhimu la mtaani. Ni famasi yenye mfamasia, kwa cheti halisi. Ukiona mtu anaiuza Makoroboi bila cheti, huo si unafuu. Kabla hujatoka kliniki, piga simu famasi kuuliza mambo manne: ipo, ya miligramu ngapi, boksi lina vidonge vingapi, na mwezi ujao itakuwepo. Swali la nne ndilo linalookoa nauli ya mtu anayetoka Ukerewe au Sengerema. Hesabu ya mwezi: miligramu 5 asubuhi kwa siku 22 za shule ni vidonge 11 vya miligramu 10; mara mbili kwa siku ni 22; kila siku bila kuruka, mara mbili, ni 30. Zidisha kwa bei ya kidonge kimoja, kisha kwa miezi kumi. Usipomudu miezi kumi, mwambie daktari mapema mpange dozi ya asubuhi za shule tu.

Kata kwa kikata vidonge cha famasi, si kisu, na ukate vya siku mbili tu. Tunza kwenye boksi lake, mbali na bati la paa na dirisha la jua, kabatini kwa kufuli, ukihesabu kila Jumapili. Wanafunzi wa sekondari na vyuo wameshasikia kwamba ipo dawa ya kukesha ukisoma.

Ikikosekana ghafla, kukatika kwake hakuna hatari ya kukatisha dawa ya kifafa. Dalili zinarudi siku hiyo hiyo, basi. Hata hivyo ukiirudisha baada ya wiki kadhaa, muulize daktari kama uanze chini tena. Na mara moja kila mwaka iachwe kwa makusudi, wiki mbili, katikati ya muhula uliotulia. Februari ni nzuri. Siyo wiki ya mitihani ya Novemba, na siyo likizo, maana likizoni hakuna anayeketi. Mwalimu ajaze karatasi ile ile ya mistari mitano. Alama zikibaki pale pale bila dawa, vidonge vilivyosalia vinarudi kwa mfamasia, haviendi kwa mtoto wa jirani.